Kuvuka Namanga na mzigo wako kihalali bila kupitia njia za panya

Hii naandikia hasa wale wa mizigo midogo, mtu ana gunia zake za vitunguu vya Mang'ola au mchele, anataka kuuza Nairobi au Kajiado, ila kila anaemuuliza anamwambia getini watakukamua bora uchukue bodaboda upite kule nyuma. Jamani msidanganywe. Sheria za mpaka zimekazwa sana miaka hii, lakini hizo hizo zimemwekea mfanyabiashara mdogo mlango wake, tatizo hatuambiwi.

Kwanza uelewe pale pakoje. Namanga ni kituo cha pamoja cha mpaka wa Tanzania na Kenya, marais wa nchi zote mbili walikizindua rasmi Desemba 2018, na kinaendeshwa kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayohusu vituo vya pamoja mipakani. Maana yake ni kwamba ukitoka Tanzania husimami upande wa Tanzania, unapita moja kwa moja unaenda kusimama kwenye jengo la Kenya, na humo ndani unawakuta maafisa wa Tanzania na wa Kenya. Unaanza na wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka, akimaliza ndo unasogea kwa Mkenya anakugongea wa kuingia. Usiruke dirisha, maana kama Tanzania hawajamaliza na wewe yule wa Kenya hawezi kuanza. Ukirudi ni kinyume chake, unasimama jengo la Tanzania. Na afisa wa Tanzania akiwa ndani ya lile eneo upande wa Kenya bado ana nguvu za sheria ya Tanzania, kwahiyo usije ukadhani ukishavuka mstari basi TRA, yaani mamlaka ya mapato ya Tanzania, hawakuhusu tena.

Karatasi zako wewe mwenyewe. Kama una pasipoti, safi, kama huna nenda uhamiaji ukachukue hati ya dharura ya safari kabla hujapakia mzigo, usisubiri mpaka ufike geti. Kenya, Uganda na Rwanda wao toka 2014 wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa, ila Tanzania hatukuingia kwenye mpango ule, kwahiyo kitambulisho chako cha NIDA peke yake usikitegemee. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukiwa raia wa Jumuiya unapewa muda wa kukaa hadi miezi sita na haulipii chochote, hiyo ipo toka itifaki ya soko la pamoja ianze kufanya kazi Julai 2010. Ila angalia, muhuri ule ni wa kutembea, sio kibali cha kuajiriwa kazi.

Sasa mzigo, hapa ndo penyewe. Kama thamani ya mzigo wako haizidi dola 2000 za Marekani, na bidhaa imelimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, na ipo kwenye orodha yao (orodha huwa imebandikwa au uliza forodha wakuoneshe), unaingia kwenye utaratibu rahisi wa biashara. Unamwambia afisa wa forodha wa TRA unataka cheti cha uasili, yaani cha kuonesha bidhaa imetoka wapi, kile cha wafanyabiashara wadogo. Ni fomu ya kawaida tu, unajaza jina, bidhaa, kiasi na thamani, yeye anagonga na kusaini, na hakiuzwi, cheti hiki ni bure. Mtu akikuambia lete elfu kumi ya cheti jua huyo sio wa serikali au anataka chake mfukoni. Na huhitaji wakala wa forodha kwa mzigo wa namna hii, wale vijana wanaokukimbilia pale nje na mafaili mkononi waambie asante endelea na safari. Cheti kinakuondolea ushuru wa forodha, ila tozo nyingine kama zipo kwa bidhaa yako utalipa, kwahiyo uliza kabisa utadaiwa nini kabla hujatoka Arusha.

Usije ukagawa mzigo wa dola 5000 kwa watu watatu ili kila mmoja aonekane ana mdogo, maafisa wanaliona hilo kila siku na mkikamatwa mnapoteza wote.

Cheti cha uasili hakitoshi kwa mazao. Utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, hawa makao yao makuu ni Arusha, na kibali cha kutoa mazao nje kutoka wizara ya kilimo, siku hizi vinaombwa mtandaoni. Mwambie pia mteja wako wa Kenya aulizie KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, mapema kama zao hilo linahitaji kibali cha kuingiza. Mahindi yana habari yake, Machi 2021 Kenya walizuia mahindi ya Tanzania na Uganda sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, baada ya siku chache wakafungua ila kwa masharti, muingizaji awe amesajiliwa na mahindi yawe na cheti cha kuonesha sumukuvu haijazidi kiwango, yaani 10 ppb (sehemu kumi kwa kila bilioni). Kwahiyo kama ni mahindi, anika vizuri na upime kabla ya kupakia, maana gari likirudishwa Namanga hiyo hasara ni yako peke yako.

Malipo yoyote ya serikali upande wa Tanzania yanaenda kwa kontroli namba, unalipa kwa simu au benki. Upande wa Kenya ni hivohivo wanakupa namba unalipa kwa simu. Hakuna hela ya mkononi. Ukilipa omba risiti, usiondoke dirishani mpaka uione na usome kiasi kilichoandikwa.

Kuhusu njia za panya. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inasema mzigo wa magendo unataifishwa, na gari au pikipiki iliyobeba nayo inaweza kutaifishwa, halafu wewe mwenyewe unaweza kufungwa hadi miaka mitano au kupigwa faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Kuingia nchi bila kupita kituo halali nalo ni kosa lingine la uhamiaji, linajitegemea. Na Kenya baada ya magaidi kushambulia jengo la maduka la Westgate Nairobi, Septemba 2013, walibadilisha sheria za usalama mwaka 2014 wakaunda kamati ya kuratibu vyombo vyote vya mpakani, uhamiaji, forodha, polisi na wengine wakae meza moja. Mtu anaekutwa porini usiku na magunia haonekani kama mama wa vitunguu, anaanza kuchunguzwa kama mtu hatari. Na mwanamke anaepita kule akinyang'anywa hela au kufanyiwa ubaya anaogopa kwenda kuripoti sababu yeye mwenyewe kaingia kimagendo. Hili linaniuma kuliko yote kwasababu wanaoumia ni kina mama wenye mtaji wa laki tatu nne, sio matajiri wa malori.

Vitu vya kukumbuka dakika za mwisho. Mifuko ya plastiki ya kubebea Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017 na sisi Juni 2019, kwahiyo fungasha kwenye viroba au magunia. Ukiwa na taslimu ya dola 10,000 au zaidi, hata ikiwa kwa shilingi, unatakiwa kutamka forodha, kutamka sio kosa ila kuficha ndo kosa. Namanga wanafanya kazi saa 24 lakini mzigo wa mazao upeleke asubuhi, wakaguzi wa mimea utawapata kirahisi na vitunguu havitalala juani.

Ukishatoka getini usitupe karatasi yoyote, toka hapo mpaka Kajiado na Kitengela utasimamishwa na polisi, weka cheti, risiti na pasipoti kwenye bahasha moja ukae nayo wewe sio dereva, na wakikagua simama hapohapo mpaka wakurudishie zote mkononi.