Usikate tiketi ya sakura kwa kuangalia kalenda

Mdogo wangu alitua uwanja wa ndege wa Narita, Japani, tarehe 5 Aprili 2023. Nauli aliidunduliza miaka miwili, na tarehe aliichagua mwenyewe kwa sababu kila picha ya maua ya Japani aliyowahi kuiona ilisemwa ni ya Aprili. Kesho yake nikampeleka ukingo wa mto Meguro hapa Tokyo, penye miti ya sakura, yaani cheri ya maua, kama 800. Tulikuta majani mabichi. Mwaka ule sakura ya Tokyo ilifunguka tarehe 14 Machi, ikajaa tarehe 22. Mwaka uliofuata ilifunguka tarehe 29 Machi, ikajaa tarehe 4 Aprili. Yaani angekuja siku ile ile, mwaka mmoja baadaye, angeyakuta maua yamefunika matawi kama povu la maziwa.

Nakumbuka alivyosimama pale darajani, simu mkononi, hapigi picha. Tangu siku hiyo kila ndugu akiniandikia, "Dada, nije lini?" simjibu kwa mstari mmoja. Haya ndiyo majibu yangu, kwa anayeishi huku na kwa anayekuja kutembea.

Kwanza uujue mti. Sakura nyingi za mijini ni za aina moja, somei yoshino, iliyotokea kijiji cha Somei, leo ni sehemu ya mtaa wa Komagome hapa Tokyo. Haioteshwi kwa mbegu, hubebeshwa. Mimi ni mtoto wa Muheza, baba yangu alibebesha michungwa, kwa hiyo jambo hili nililielewa papo hapo: ukikata kijiti cha mti mmoja ukakiunga kwenye mche mwingine, unapata mti ule ule tena. Basi fikiria nchi nzima imepandwa mti mmoja uliorudiwa mara zisizohesabika. Ndiyo maana mtaa mzima unafunguka kwa pamoja, na ndiyo maana ukichelewa wiki moja umechelewa kila mahali katika mji huo.

Vitumba vya maua hutungwa tangu majira ya joto ya mwaka uliotangulia, kisha hulala. Baridi kali ndiyo inayoviamsha, na joto linalofuata ndilo linalovifungua. Kuna hesabu ambayo watu wa Tokyo huitumia, nami nilifundishwa na mama mmoja wa miaka zaidi ya sabini ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Kuanzia tarehe 1 Februari, chukua joto la juu la kila siku, ujumlishe. Leo nyuzi 9, kesho nyuzi 12, hiyo 21, endelea hivyo. Jumla ikifika karibu na 600, maua ya Tokyo yanafunguka. Ninayo daftari ya shule ya kazi hiyo tu, na kila jioni nikitoka zamu naandika namba moja. Haitoi siku kamili, lakini inakupa wiki, na inakufanya uusubiri mti kama unavyomsubiri mgeni uliyeambiwa yuko njiani.

Wenye kutangaza rasmi ni mamlaka ya hali ya hewa. Kila mji una mti wao wa kupimia, na wa Tokyo uko ndani ya hekalu la Yasukuni. Afisa huja kwa miguu, husimama chini yake, huinua kichwa na kuhesabu. Maua 5 au 6 yakiwa yamefunguka, hutangaza kaika, yaani maua yameanza. Asilimia 80 ikifunguka, ni mankai, yamejaa. Kati ya hayo mawili ni kama wiki moja. Utabiri wa kabla ya hapo hutolewa na kampuni binafsi, nao hubadilishwa kila mara, kwa hiyo usiusome mara moja Januari ukatulia.

Kama tiketi umeshaikata na tarehe imekataa, usikae kulia. Japani ni ndefu. Okinawa, kusini kabisa, maua huanza Januari, Hokkaido, kaskazini kabisa, hufika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ukichelewa Tokyo, panda treni uende kaskazini, hasa Hirosaki, mkoa wa Aomori, ambako miti kama 2,600 imezunguka ngome ya zamani. Huko hata maua yakidondoka bado yana kazi: yanafunika maji ya handaki la ngome kwa waridi mtupu. Wenyewe wanaita hanaikada, chelezo cha maua. Na kama huna nauli ya kwenda mbali, tafuta yaezakura, aina zenye petali nyingi nyingi zinazofunguka baada ya somei yoshino kupukutika. Mdogo wangu nilimpeleka bustani ya Shinjuku Gyoen, kiingilio yen 500, akaona ua moja limejaa petali kama kitambaa kilichokunjwa kunjwa. Hapo ndipo alipoitoa simu.

Sasa kukaa. Hanami maana yake ni kutazama maua, lakini ukweli ni kwamba watu wanakaa, wanakula, wanaongea, na mara moja moja wanainua macho. Hilo halina ubaya. Shoguni Tokugawa Yoshimune, yaani mtawala wa kijeshi wa zama hizo, alipandisha sakura pale Asukayama, Tokyo, karne ya 18 makusudi watu wa kawaida wapate pa kujifurahisha.

Nunua turubai la bluu la vitambaa vya plastiki, lipo katika maduka ya vifaa, na la mita 1.8 kwa 1.8 linatosha watu wanne. Chini yake tandika maboksi yaliyofunguliwa. Hili la maboksi watu wengi hulidharau, kisha baada ya nusu saa ubaridi wa ardhi unawapanda mgongoni. Kuna hata jina la baridi hiyo ya siku za maua, hanabie. Asubuhi unaona jua, unavaa kigauni, saa kumi jioni unatetemeka. Beba koti na soksi nene, maana viatu vinavuliwa pembeni ya turubai kama unavyovua mlangoni, na vinapangwa.

Pembe za turubai zizuie kwa chupa za maji au mikoba. Usipigilie vigingi, usifunge kamba kwenye mti, na usitandike juu ya mizizi. Mizizi ya sakura hukaa juu juu, na kukanyagwa na mamia ya watu kila mwaka kunaudhoofisha mti. Tawi usilivute kwa ajili ya picha. Niliwahi kumwona kijana akitikisa tawi ili petali zimwagike juu ya mchumba wake, na mzee aliyekuwa turubai la jirani akanyanyuka bila kusema neno, akaenda kuliinamia tawi lile kuangalia kama limevunjika. Yule kijana aliomba radhi mara nne. Mimi ningekuwa yeye ningeomba kumi.

Kuwahi nafasi kunaitwa bashotori, na maofisini mara nyingi hutumwa mfanyakazi mgeni. Zamani mtu aliacha turubai likiwa na karatasi ya jina akaenda zake. Sasa bustani nyingi zinataka pawe na mtu, na turubai lisilo na mtu huondolewa. Kwa hiyo mnakwenda wawili, mmoja analinda, mwingine anakwenda chooni. Foleni ya choo bustanini kama Ueno siku ya Jumamosi inaweza kukuharibia siku nzima. Jisaidie stesheni kabla ya kutoka. Pombe haikatazwi kila mahali, ila Shinjuku Gyoen wanakataa kabisa. Taka zote unarudi nazo nyumbani, kwa hiyo beba mifuko miwili, mmoja wa taka za kuungua na mmoja wa chupa na makopo.

Chakula? Wenyeji huleta bento, chakula kilichopangwa kwenye kiboksi, na dango, vidonge vya unga wa mchele, za rangi tatu kwenye kijiti: waridi, nyeupe, kijani. Onja sakuramochi, kitumbua cha mchele chenye maharage matamu ndani, kimefungwa kwa jani la sakura lililolazwa kwenye chumvi. Jani unalila. Utamu na chumvi vikikutana ndipo harufu ya sakura inapopanda puani, kwa sababu ua lenyewe halinukii sana. Mimi huongeza sambusa na chupa ya chai ya tangawizi, na kila mwaka majirani wa turubai huniuliza zimejazwa nini. Ukimpa mtu sambusa mbili, usishangae ukirudishiwa sahani ya tamagoyaki, mayai ya kukunja.

Siku gani ndiyo bora? Wengi watakuambia mankai. Mimi nasema siku tatu au nne baadaye, pakiwa na upepo mdogo, petali zinapoanza kuruka. Hanafubuki, dhoruba ya maua. Inakuingia kwenye nywele, kwenye kikombe cha chai, na watu waliokuwa wanapiga kelele wananyamaza wote kwa sekunde chache. Nenda siku ya kazi, saa moja asubuhi.

Majani ya vuli, yale yanayogeuka mekundu na njano kabla ya baridi, yana mwendo mwingine. Neno lake ni momijigari: momiji ni mti wa majani hayo mekundu (mepo), na hilo "gari" la mwisho linatokana na kari, kuwinda. Hutandiki turubai, unatembea ukiyatafuta. Sakura inapanda kutoka kusini kwenda kaskazini, majani mekundu yanashuka kutoka kaskazini kwenda kusini na kutoka mlimani kwenda bondeni. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 8, kijani kinavunjika. Sukari iliyobaki ndani ya jani la momiji inatengeneza wekundu, na jua la mchana linauzidisha. Njano ya mti wa icho, yaani ginkgo, ilikuwemo siku zote, kijani ndicho kilichoifunika.

Kwa hiyo ukiwahi, panda juu, ukichelewa, shuka. Ziwa Chuzenji la Nikko, kaskazini mwa Tokyo, mita 1,269 juu ya bahari, huiva katikati hadi mwisho wa Oktoba. Mahekalu ya Nikko yaliyo chini yake, mwanzoni mwa Novemba. Mlima Takao, mita 599, ulio hapa kwetu Hachioji, magharibi mwa Tokyo, kati na mwisho wa Novemba. Bustani za mjini Tokyo na mahekalu ya Kyoto, mwisho wa Novemba hadi mwanzo wa Desemba. Unaona sasa kwa nini ni rahisi kuliko sakura: una zaidi ya mwezi mzima wa kuyafukuza.

Jani la momiji usilitazame jua likiwa nyuma yako. Ingia chini ya mti, jua liwe upande wa pili wa jani, uinue macho. Jani linakuwa jembamba kama karatasi ya taa, na mishipa yake unaihesabu. Ukiwa Kyoto, nenda hekalu la Tofukuji mapema kabla ya makundi. Husimuliwa kwamba mchoraji mtawa Mincho aliombwa na shoguni ataje zawadi anayoitaka, akaomba sakura za hekalu zikatwe, akihofia pasije pakageuka mahali pa starehe. Ndiyo maana leo bonde lile ni momiji tupu. Hapo daraja la Tsutenkyo hubanana sana siku za kilele. Pita taratibu, usisimame katikati.

Na usiache icho. Barabara ya Koshu Kaido hapa Hachioji ina zaidi ya miti 700, na Novemba yote inageuka njano kama manjano ya unga. Mbegu zake, ginnan, huanguka na nyama inayonuka vibaya na kuwasha ngozi, kwa hiyo ziokote kwa glavu. Zioshe, zikaushe, zitie ndani ya bahasha ya karatasi na chumvi kidogo, uikunje mdomo, uiweke kwenye maikrowevu kama dakika moja. Zikianza kupasuka toa. Kula chache tu, na watoto wadogo usiwape, kwa sababu zikizidi zina sumu.

Anayeweza kuja mara moja tu, na likizo yake imefungwa tarehe, mimi humshauri aje Novemba. Mdogo wangu anarudi tarehe 18 mwezi huo, siku kumi na nne. Takao kwanza, halafu Kyoto, na siku mbili za mwisho bustani ya Rikugien pale Komagome, alikotoka yule mti wa kubebeshwa. Glavu za ginnan ninazo jozi mbili.