Kucheza Gofu Miteremkoni, Chini ya Mlima Fuji

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua gofu tayari, ila hajawahi kucheza Japani. Mfano wangu ni viwanja vya Gotemba, mkoani Shizuoka, ambako mashimo yamepangwa ubavuni mwa vilima na Fuji inachungulia kati ya misonobari kukiwa hakuna mawingu.

1. Weka nafasi. Tovuti kama Rakuten GORA huonyesha bei na saa. Siku za kazi ni nafuu kuliko wikiendi. Soma vizuri kama bei ina chakula cha mchana na kedi, yaani msaidizi wa mchezaji. Kikundi cha kawaida ni watu wanne. Mkiwa wawili mnaweza kutozwa nyongeza. Mara ya kwanza lipia kedi, usibane hela hapo.

2. Tanguliza mfuko wa fimbo. Kampuni ya Yamato huusafirisha hadi klabuni. Utume siku mbili kabla, nawe upande treni hadi Gotemba mikono mitupu. Uliza kama klabu ina basi la kuwachukua wageni stesheni.

3. Fika saa nzima kabla ya zamu yako. Klabu za zamani hutaka uingie na koti, hata wakati wa joto. Mapokezi utapewa namba. Chai, mipira na chakula vyote huandikwa kwenye namba hiyo, unalipa mwisho.

4. Beba fimbo za ziada. Vigari vingi hujiendesha kwa kufuata waya uliofukiwa chini ya njia, na huitwa kwa rimoti. Haviingii kwenye nyasi. Mpira ukiwa bondeni, shuka na fimbo tatu pamoja na puta (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), la sivyo utapanda na kushuka mpaka magoti yalie.

5. Utii mteremko. Hapa ndipo mikwaju inapopotea. Huku Japani gofu yenyewe ilianzia mlimani: mwaka 1901 Mwingereza Arthur Groom alitengeneza mashimo manne juu ya Mlima Rokko, Kobe. Basi usitarajie kusimama sawasawa.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira ukiwa juu ya nyayo zako utakimbilia kushoto: shika fimbo chini kidogo, lenga kulia. Ukiwa chini ya nyayo, kinyume chake. Kunja magoti kidogo na ubaki hivyo hadi umalize kupiga. Ukipiga kuelekea chini, linganisha mabega na ardhi, usijaribu kuunyanyua mpira. Tii (mahali pa kuanzia kupiga) ikiwa juu kuliko grini (nyasi fupi zenye shimo), punguza takriban mita moja kwa kila mita ya kushuka. Vibao husoma yadi, kwa hiyo angalia kama kipimo chako cha umbali kimewekwa kwenye yadi au mita.

Mpira wa kwanza ukivuka vigingi vyeupe vya mpaka, uliza kama kuna tii ya mbele. Viwanja vingi vinayo: unapiga kutoka hapo ukihesabu mkwaju wa nne, na foleni inasogea.

6. Kwenye grini, uliza mlima uko wapi. Makedi wa huku husema mpira huenda mbali na Fuji, na mimi nawaamini kuliko macho yangu. Ardhi yote imeinama, hivyo kinachoonekana kupanda huenda kinashuka. Zungukia nyuma ya shimo, chuchumaa, kisha amua. Baadhi ya mashimo yana grini mbili. Ukitua kwenye ile isiyotumika, toa mpira nje bila adhabu. Kupiga hapo ni kosa.

7. Kula katikati. Baada ya mashimo 9 mnapumzika karibu saa nzima. Kula kidogo, rameni nzito na kilima cha shimo la 10 havipatani.

8. Oga, ulipe. Jioge kwanza kwa sabuni ukiwa umekaa kwenye kistuli, ndipo uingie bwawa la moto. Taulo ibaki nje ya maji. Mwenye chale (tatuu) aulize kabla, maana klabu kadhaa hazimruhusu. Kwenye bili utakuta kodi ya uwanja, isiyozidi yeni 1,200 kwa siku. Mfuko wa fimbo uache mapokezi urudishwe na Yamato.