Chambo kwanza, kutega baadaye

Mlioko Nyuzilandi na mnatafuta cha kufanya wikendi: vikundi vya kujitolea kukagua mitego msituni vinapokea hata asiyejua lolote, mradi miguu iwe ya kupanda vilima. Anayesakwa hasa ni stoti, mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche. Aliletwa miaka ya 1880 apunguze sungura, akaonja mayai na makinda, akanogewa. Kinda la kiwi, ndege wa huko asiyeruka, haliwezi kupambana naye mpaka lifikishe kama kilo moja.

Mtego unaotumika sana huko, DOC 200, hukaa ndani ya kisanduku cha mbao, na springi yake haina utani na vidole. Kwa hiyo fuata mpangilio. Toa mzoga (vaa glavu, harufu yake utakwenda nayo nyumbani), sugua manyoya na kutu kwa brashi ya waya, weka yai au kipande cha nyama ya sungura kwa nyuma, ndipo utege. Usitege kisha ukaanza kupapasa humo ndani. Yai mimi hulitoboa tundu dogo ili linuke.

Kabla ya kutega, kisukume kisanduku kwa mguu. Kikiyumba, kiwekee jiwe chini; stoti akisikia sakafu inacheza anageuza.

Mtego mtupu nao uandikwe. Wageni wengi huandika panya na stoti tu, wakaona aibu kuandika sifuri.