Unalipia 20, unapata 2: jinsi ya kusoma kasi ya modemu yako

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia dukani, Mwembe Tayari, Mombasa, simu mkononi, kajaa hasira. "Fundi, hawa watu wananila pesa. Nalipia 20, napata 2!" Alikuwa akipakua video ya harusi ya mjukuu wake, megabaiti 1,400. Kwa hesabu yake, 1,400 gawanya kwa 20, sekunde 70 basi. Dakika nane zilishapita na video bado inashuka.

Sikumbishia. Nilimwomba bili, nikaiweka kando ya simu. Bili: 20 Mbps. Simu: 2.3 MB/s. "Mwalimu, hebu itazame hiyo b." Ndogo ni biti, kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Wauza intaneti huhesabu kwa biti, programu za kupakua mara nyingi huonyesha baiti. Kwa hiyo chukua namba ya bili, gawanya kwa 8. Ishirini inakuwa 2.5. Ile 0.2 iliyopungua huenda na anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti ya data, maana gunia nalo hupimwa pamoja na mchele. Video yake ilihitaji zaidi ya dakika tisa tangu mwanzo.

"Na hii 300 je?" Akanionyesha picha ya boksi la ruta. Hiyo, Mwalimu, ni ya sebuleni mpaka chumbani: kasi ya juu kabisa ya Wi-Fi baina ya ruta na simu yako. Haisemi lolote kuhusu kinachoingia nyumbani kutoka nje. Modemu za 4G ni vivyo hivyo. Ikiandikwa Cat 4, yaani daraja lake la kasi, kikomo chake ni 150 Mbps kushuka (kupakua) na 50 kupanda (kutuma), lakini mnara mnagawana mtaa mzima.

Mkanganyiko huu sikuukuta leo. Nilipokuwa kijana wa saiba, kabla nyaya za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009, modemu yetu ya laini ya simu iliandikwa 56K, yaani biti 56,000 kwa sekunde, na kompyuta ikaonyesha imeunganishwa kwa 115,200. Wateja wakashangilia! Kumbe ile ilikuwa kasi ya kutoka kompyuta hadi modemu, pale pale mezani. Na wakubwa zetu walikuwa na baudi yao, iliyopewa jina la Mfaransa wa telegrafu, Émile Baudot. Baudi huhesabu mara ngapi mlio unabadilika kwa sekunde. Modemu ya biti 2,400 ilibadilisha mlio mara 600 tu, kila badiliko likibeba biti 4, lakini watu waliiita "ya baudi 2,400" bila wasiwasi.

Basi ukitaka kupima kwa haki, toa simu zote na televisheni kwenye Wi-Fi, uchomeke laptopu kwenye ruta kwa waya. Fungua tovuti ya kupima kasi, uhakikishe kipimo kinasoma Mbps. Pima asubuhi, pima tena saa tatu usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni, na uandike kushuka na kupanda mbalimbali, kwa sababu vifurushi vingi hutoa kupanda kidogo. Waya ukikupa sawa na bili na Wi-Fi ikakupa nusu, usimpigie mtu simu. Sogeza ruta. Kuta za mawe za Mji wa Kale nazijua mimi. Ukivuka mbili, mawimbi yamekwisha.

Kuna namba moja ya kuichunga: 94. Umelipia 200 na kipimo cha waya kinaganda hapo 94 asubuhi na usiku, basi tundu la ruta au la laptopu ni la 100 Mbps, au waya wenyewe umekatika nyuzi ndani ukaangukia 100. Badilisha waya kwanza. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kugombana ofisini kwao.