Somo: Sombe yenye sambaza, na maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha

Ndugu wapendwa, somo la leo nimelipika hapa Bukavu, juu ya mbabula ya makala, na nimeunganisha ndani yake mambo mawili ambayo mama yangu alinifundisha katika jiko lilelile: kupika sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, hadi iwe salama, na kutumia chumvi na sukari iliyoko kabatini pale mtoto anapoharisha. Yote mawili huharibiwa na haraka ya mpishi.

Kwa watu sita, tafuta mafungu manne ya majani machanga ya muhogo, vikombe viwili vya sambaza wakavu (samaki wadogo wa ziwani, kama dagaa), nusu kikombe cha mawese, bilinganya moja, vitunguu vya majani, pilipili moja nzima na chumvi. Chagua majani ya kileleni yaliyo laini, ondoa vikonyo, kisha uyaoshe mara mbili.

Hatua ya kwanza ni kutwanga majani yakiwa mabichi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Ndani ya jani la muhogo mna kitu kiitwacho linamarini, na kando yake, kikiwa kimetengwa nacho, mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukivunja. Mchi unapoliponda jani, viwili hivyo hukutana, na sumu ya sianidi huanza kutoka. Hii ndiyo sababu kinu hakipaswi kuonewa uvivu: jani lililokatwakatwa tu kwa kisu hubaki na sehemu kubwa ya sumu yake. Twanga hadi usione tena umbo la jani, mpaka rojo lianze kushikamana na mchi na harufu kali ya ubichi ikupande puani. Liache litulie kidogo, lioshe kwa maji baridi, likamue, kisha umwage maji hayo.

Hatua ya pili ni kuchemsha, na sufuria lazima ikae wazi. Sianidi inayotoka katika majani huchemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo maji yanayotokota huifukuza upesi, lakini mfuniko huizuia isitoke vizuri. Mwanzoni utaona povu la kijani kibichi likizunguka ukingoni. Baada ya nusu saa povu hupungua, rangi hufifia na kuwa nzito, na harufu iliyokuwa ikichoma pua hugeuka kuwa ya chakula. Maji yakipungua, ongeza ya moto. Mimi huchemsha kwa saa moja na nusu, na ninajua imeiva pale ninaposugua kidogo kati ya vidole viwili nisihisi nyuzi.

Sambaza huchambuliwa mchanga, hukaangwa kidogo bila mafuta, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha huingia sufuriani pamoja na bilinganya na vitunguu. (Samaki hawa waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo bibi yangu aliijua sombe ya maharage kabla ya kuijua hii.) Mawese yaweke mwishoni, na usiyachome kwanza hadi yapoteze wekundu, kwa kuwa wekundu huo ndio mwili wetu unaougeuza kuwa vitamini A. Weka pilipili juu bila kuipasua, acha dakika ishirini, kisha songa bugali.

Sasa tuje kabatini. Maji ya mtoto anayeharisha hutengenezwa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka miwili, nilipima chumvi kwa kijiko cha supu kilichojaa kilima. Aliyatema, na jirani mzee aliyeyaonja akaniambia niyamwage upesi, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto badala ya kumsaidia. Tangu siku hiyo huonja kwanza mwenyewe: yasiwe na chumvi kupita machozi. Angalieni pia kipimo cha maji, kwani chupa ya bia ambayo wengi tunaipimia haifikii lita moja. Mpe mtoto kidogo kidogo baada ya kila choo. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka wa Lubumbashi: Mama, huku tunanunua sombe iliyokwisha kusagwa kwa mashini sokoni ili tuile na bukari. Je, inatosha?

Jibu: Inatosha, kaka yangu, kwa kuwa mashini huponda jani sawasawa na kinu. Uliza tu imesagwa saa ngapi, maana ikilala kwenye joto huchacha, na usiupunguze muda wa kuchemsha.

Dada wa Goma: Yaya, kwetu majani huchovywa kwanza katika maji ya moto ndipo yatwangwe, ili yalainike. Tumekuwa tukikosea?

Jibu: Dada, desturi hiyo hurahisisha kazi ya mikono, lakini joto kali huua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi yake. Linamarini huyeyuka katika maji, kwa hiyo ukichovya, mwaga maji hayo yote, osha tena rojo baada ya kutwanga, na uchemshe bila mfuniko. Mimi ningekushauri utwange kwanza.

Mama wa Kadutu: Mtoto wangu ana miezi minane na sukari imeniishia. Naweza kutumia asali?

Jibu: Hapana, mama. Asali haipewi mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, hata kwa kikohozi, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Azima sukari kwa jirani, au bora zaidi, pata pakiti za SRO (unga wa chumvi na sukari uliopimwa tayari, wa kuchanganya na maji) kwenye kituo cha afya na uulizie vidonge vya zinki. Macho yakididimia, mkojo ukikatika, damu ikionekana, au choo kikiwa kama maji ya mchele, usikae kuchanganya chochote nyumbani: katika miji yetu hii ya kando ya ziwa kipindupindu hakiko mbali. Mbebe umpeleke mara moja, na uendelee kumnyonyesha njiani.