Bustani ya Shule: Anzeni na Tuta Moja la Mchicha

Nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma, na bustani za shule nilizoona zikifa hazikuuawa na jua. Ziliuawa na likizo ya Juni. Yetu ya kwanza ilikwenda hivyo: tulihamishia miche ya sukuma wiki katikati ya Mei, tukafunga shule, tukarudi tukakuta vijiti. Kwa hiyo naanza na watu, jembe baadaye.

1. Tafuta wa kumwagilia, si wa kulima

Ukiitisha wazazi watakuja na majembe, watalima uwanja mzima, na Jumatatu humwoni mtu. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa, uombe watu wanne au watano wanaokaa jirani na shule, kila mmoja na siku yake. Kwetu nguzo ni bibi mmoja muuza mboga. Watoto hawajamaliza "Shikamoo Bibi", ameshauliza jana nani kamwagilia.

Waambie mapema kwamba kusia ni kazi ya watoto. Mtu mzima akimpokonya mtoto jembe eti anachelewesha, mhamishie kwenye uzio. Uzio uwe wa matawi ya miiba. Mimea ya manyara huota haraka na mbuzi hawaigusi, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na watoto huuchezea.

Jambo jingine: bustani isiwe adhabu. Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 shule zetu zimekuwa na mashamba, ila wazazi wengi wanalikumbuka shamba la shule pamoja na fimbo. Mwalimu mwenzangu akiniletea waliochelewa shule asubuhi wamwagilie, nawarudisha darasani.

2. Tuta

Upana usizidi mita 1. Kwa darasa la tatu mimi naweka sentimita 80, mkono wa mtoto ufike katikati bila kukanyaga. Huku kwetu pakavu, tunachimba tuta la kuzama, kina sentimita 15 hivi, maji yasikimbie. Aliyeko Bukoba ainue lake, mvua ya kule itamwozeshea mizizi.

Changanya debe moja la samadi kwa kila mita ya mraba. Iwe imeiva: chomeka mkono katikati ya lundo, ukihisi joto, iache. Samadi mbichi huunguza miche.

3. Kusia

Mbegu za mchicha ni ndogo mno, na mtoto akiachiwa atazimwaga zote sehemu moja. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu. Chora mistari kwa kijiti, sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine, kina kama urefu wa ukucha. Nyunyiza, funika na udongo kidogo, kisha tandaza nyasi kavu. Zungushia majivu, maana sisimizi hubeba mbegu usiku na asubuhi mtalilaumu duka la pembejeo bure. Machipukizi yakitokeza, ondoa nyasi jioni.

4. Maji

Ndoo hapana. Mtoto akimimina ndoo, mbegu zote zinakusanyika kona moja. Toboa vifuniko vya chupa za maji kwa msumari wa moto (kazi ya mtu mzima), kila mtoto awe na chupa yake. Asubuhi na jioni mpaka miche ishike. Maji ya sabuni kutoka kwenye kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia mikono, mpelekeeni mpapai, si mchicha.

5. Kupunguza na kuvuna

Wiki ya tatu ng'oeni iliyobanana. Hapa watoto hugoma: "Mwalimu, wangu usiung'oe!" Usibishane nao, waambie iliyong'olewa wanaipeleka nyumbani ikapikwe. Wiki ya nne kateni, mkiacha shina la sentimita 10 na majani machache lichipue tena. Sukuma wiki isubiri. Inataka miezi miwili na zaidi, na mtoto wa miaka minane hana subira hiyo mpaka awe ameshakula mchicha wake.

6. Likizo

Sieni Januari na Julai, shule zinapofunguliwa, ili mavuno makubwa yatangulie kufunga. Kinachoendelea kuota wakati wa likizo ni mali ya anayemwagilia. Hilo liandikwe kwenye kikao cha kamati ya shule na mwenyekiti wa mtaa apewe nakala, asije bibi wa watu akaitwa mwizi kwa fungu moja la mchicha.