Slivu, baipasi au puto: jinsi ya kuchagua upasuaji wa kupunguza uzito unaokufaa wewe

Siku hizi mkikaa watu watatu lazima stori ifike huko, fulani kakata utumbo, fulani kaweka puto, yule mwingine kaenda India karudi mpaka mashavu hamna, na swali linalofuata ni lile lile, "bei gani?" Halafu la pili, "dada we ulifanya ipi, na mimi nifanye hiyo hiyo?" Hapo ndo watu wanapopotea, maana hizi operesheni sio kitenge kwamba kikimpendeza jirani na wewe unakata doti yako. Iliyomfaa jirani inaweza ikakutesa wewe miaka, kinachoamua ni mambo ya mwilini mwako: una kiungulia au huna, sukari unayo na ina muda gani, dawa gani unameza, na je utameza vitamini mpaka uzeeni au ikifika mwezi wa tatu umeshachoka.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kufyonza mafuta na kukata ngozi ya tumbo ni mambo ya umbo, hayatibu unene, mtu wa kilo 130 akifyonzwa mafuta anabaki mnene na sukari yake pale pale. Tunachoongelea hapa ni upasuaji wa mfuko wa chakula wenyewe na utumbo.

Piga hesabu ya BMI yako, yaani uzito wako ukilinganishwa na urefu. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, halafu gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Mtu wa mita 1.60 na kilo 110, 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 110 ugawe kwa 2.56 unapata kama 43. Zamani, tangu 1991, kipimo kilichokuwa kinafuatwa ni cha Marekani: BMI 40 na kuendelea, au 35 kama una ugonjwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS na IFSO, vikashusha, sasa ukiwa na 35 unastahili hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 unaweza kufikiriwa hasa kama una sukari ya aina ya pili. Kama una 27 na shida yako ni gauni la sendoff basi we sio mtu wa kisu, mwambie daktari akutafutie njia nyingine, na akikubali haraka haraka kukukata mkimbie.

Haya tuje kwenye aina zenyewe.

Slivu ndo inayofanywa sana duniani kwa sasa. Wanaingia kwa matundu madogo, wanakata na kutoa kabisa kama robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba. Utumbo hauguswi, ingawa mtaani ndo tunaiita "kukata utumbo". Unashiba haraka kwa sababu nafasi ni ndogo, lakini pia ile sehemu iliyotolewa ndo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo wengi wanakwambia miezi ya mwanzo hata hamu ya kula hawana, wanakula kwa saa. Kilichokatwa hakirudi, hilo liingie akilini.

Baipasi ni kazi kubwa zaidi. Wanatengeneza kifuko kidogo juu kabisa cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, halafu wanakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba kule chini, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Tumbo la zamani halitolewi, linabaki ndani, linatengeneza asidi yake kama kawaida ila chakula hakipiti. Ipo pia mini baipasi, yenyewe inaungwa sehemu moja badala ya mbili, operesheni inakuwa fupi na uzito unashuka vizuri, ila nyongo inaweza kupanda juu, na kwa vile wanaruka utumbo mrefu zaidi upungufu wa vitamini nao unaweza kuwa mkubwa.

Puto sio kukatwa. Unalazwa usingizi mwepesi, linaingizwa kwa mdomo kwa endoskopi, ule mpira mwembamba wenye kamera, linajazwa maji ya chumvi kama mililita 400 hadi 700, linakaa miezi 6 au 12 kutegemea aina halafu linatolewa. Kwa Dar wengi walilisikia kupitia hospitali ya Mloganzila. Siku za mwanzo ni kutapika na kujuta, baadae mwili unazoea. Mara nyingi yale maji huwa wanayatia rangi ya bluu, ili puto likipasuka mkojo ubadilike uwe bluu au kijani ujue hapo hapo, ukiona hivyo usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Bendi, ule mpira wa kubana tumbo, ilivuma sana miaka ya 2000 lakini siku hizi imeachwa sehemu nyingi, wengi waliishia kuitoa. Na kuna swichi ya duodeno, ni slivu pamoja na kuruka sehemu kubwa ya utumbo, inapunguza kilo kuliko zote na kwa sukari ni kali, ila upungufu wa vitamini na protini unaoleta sio wa mchezo, mimi kwa mtu anayeishi mbali na maabara nzuri singemshauri hata aiulizie.

Kilo sasa. Rudi kwa yule mtu wetu wa 110. Kwa wastani ndani ya mwaka mmoja au miwili slivu inashusha kama robo ya uzito wote, kwa hiyo anafika 82 hivi. Baipasi kama asilimia 30, anafika 77. Puto asilimia 10 hadi 15, tuseme 94 mpaka 99, na likishatolewa bila kubadilisha ulaji kilo zinarudi. Umeona tofauti ya slivu na baipasi ni kilo tano tu? Ndo maana nasema usichague kwa kilo, chagua kwa haya yafuatayo.

Kiungulia. Hili ndo la kwanza na ndo watu wanaliruka. Kama ukilala asidi inapanda mpaka kooni, unaamka unakohoa, unaishi kwa omeprazole, slivu inaweza kukuongezea, kwa sababu ule mrija mwembamba una presha kubwa ndani na asidi haina pa kwenda ila juu. Utafiti wa Uswisi uliotoka 2018, uliofuata wagonjwa miaka mitano, ulikuta kwa waliokuwa na kiungulia tangu mwanzo kilizidi kwa karibu mtu mmoja kati ya watatu waliofanya slivu, kwa waliofanya baipasi ilikuwa kama mmoja kati ya 16. Kwa hiyo kiungulia kikali, baipasi. Daktari anayekupangia slivu bila kukuuliza habari ya kiungulia wala kukufanyia endoskopi hajakuangalia vizuri.

Hiyo endoskopi kwetu ina sababu nyingine, H. pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, wengi tunaye. Apimwe na atibiwe kabla, hasa kama unaenda baipasi, maana baada ya hapo lile tumbo lililobaki ndani kamera ya kawaida haifiki tena.

Sukari. Zote zinasaidia, na kuna watu sukari inashuka hata kabla kilo hazijaenda mbali, lakini kwa aliye na sukari ya aina ya pili kali baipasi kwa ujumla inafanya vizuri zaidi. Ila kama umekaa nayo miaka kumi na tano na uko kwenye insulini usiahidiwe kwamba itapotea yote, kongosho likishachoka limechoka.

Dawa unazotumia. Aliyefanya baipasi anatakiwa akae mbali na diklofenaki, ibuprofeni, aspirini za maumivu na ndugu zake wote, zinachimba kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo, na sigara vile vile. Sasa kama wewe una magoti au mgongo wa kudumu na diklofenaki ndo rafiki yako, fikiria slivu, au kubaliana na daktari kwanza utatumia nini badala yake. Dawa za kifafa, za akili, za tezi, ARV, zote zitaje bila aibu kwa sababu namna mwili unavyozinyonya inaweza kubadilika, na vidonge vya kumumunyuka taratibu ndo kabisa. Anayemeza DTG (dolutegravir, moja ya hizo ARV) ajue kwamba madini ya chuma na kalsiamu utakavyoandikiwa vinapunguza nguvu yake vikimezwa pamoja tumbo tupu, lazima vipishane kwa masaa, mwambie mfamasia akupangie ratiba.

Vitamini. Baada ya slivu unahitaji, baada ya baipasi unahitaji zaidi: B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, na vipimo vya damu angalau mara moja kwa mwaka maisha yako yote. Jiulize kwa ukweli kabisa, dozi ya siku saba ya antibayotiki huwa unaimaliza? Kama unaacha siku ya tatu ukiona nafuu, baipasi itakuweka pabaya, anemia na ganzi za miguu zinakuja polepole baada ya mwaka, wakati watu wote wameshakusifia.

Utamu nao uweke kwenye mizani. Nimemuona dada mmoja wa baipasi kwenye harusi, kala kaimati tatu na soda nusu glasi, haikupita nusu saa jasho linamtiririka, moyo unamwenda mbio, kashika tumbo anatafuta choo, watu wanadhani karogwa. Ni sukari imeshuka kwenye utumbo kwa kasi, basi. Kuna wanaoipenda baipasi kwa sababu hiyo hiyo, inawatia adabu. Slivu haina sana hiyo, kwa hiyo mtu wa soda na juisi na aiskrimu anaweza kuishinda slivu yake vizuri tu, vitu vya maji vinateleza. Pombe baada ya baipasi inapanda kichwani haraka kuliko ulivyozoea, usiendeshe.

Wadada, uzazi unaamka kilo zikishuka, wengi walioambiwa hawashiki wanashika. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na kama umefanya baipasi usitegemee vidonge vya majira, ongea kuhusu kijiti au kitanzi kabla hujaingia chumba cha upasuaji.

Kama bado unasitasita kati ya mbili, kuna jambo linalowasaidia wengi: slivu ikigoma au ikileta kiungulia inaweza kugeuzwa baipasi baadae, lakini mwenye baipasi harudi kwenye slivu kirahisi. Kwa hiyo kijana asiye na kiungulia wala sukari kuanza na slivu sio ujinga. Na mwenye BMI kubwa sana, ya 60 hivi, wakati mwingine anaanza na puto au slivu ashuke kwanza ndo aje kazi kubwa. Sindano za kupunguza hamu ya kula, Ozempic na Mounjaro, ziulizie pia, ila ujue ukiacha uzito kwa wengi unarudi, na ni hela ya kila mwezi.

Hospitali sasa. Uliza daktari anafanya ngapi kwa mwaka, za aina hiyo unayotaka wewe, uliza ICU ipo, uliza ikivuja usiku nani anakuja. Ukienda nje, India au Uturuki, usipande ndege siku ya tatu ili kuokoa hela ya hoteli, damu inaweza kuganda mguuni na kuvuja kunaweza kutokea hata baada ya wiki. Dalili za kuvuja: moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, homa, maumivu ya tumbo au bega la kushoto. Na kabla ya safari tafuta daktari huku nyumbani aliyekubali kwa mdomo wake kukupokea ukirudi, wengi wanakwepa kugusa kazi ya mwenzao.

Kabla ya operesheni kwa kawaida utapewa kama wiki mbili za kula kidogo sana bila wanga ili ini lipungue, usiibe, ini kubwa linamzibia daktari njia. Baada yake ni vimiminika, kisha vya kusaga, kisha laini, ugali na chapati vinakuja mwisho kabisa. Samaki, mayai, mtindi, dagaa waliosagwa, maharage, protini inaanza na unalenga angalau gramu 60 kwa siku (yai moja lina kama 6, ujue kazi ilivyo). Maji hayanywewi na chakula, subiri nusu saa. Nywele zitadondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita na nyingi zitarudi. Kwa Waislamu, Ramadhani ya kwanza muulize daktari mapema, maana maji yenyewe unayanywa kwa kusip kutwa nzima.

Kutapika kusikoisha sio kawaida, msikubali kuambiwa "utazoea". Mtu akitapika siku kadhaa vitamini B1 inaisha, na akiwekewa dripu ya glukosi bila kupewa B1 kwanza ubongo unaweza kudhurika, zahanati nyingi hawaijui hii kwa hiyo waambie wewe au ndugu yako.

Mwisho, usitoke hospitali bila ripoti ya operesheni yenye aina uliyofanyiwa, tarehe, na namba ya daktari. Aliyefanya baipasi anaweza kupata maumivu makali ya tumbo hata miaka miwili baadae, utumbo umejipenyeza na kujipinda ndani, na hiyo ni CT skani na chumba cha upasuaji usiku huo huo, sio kupewa omeprazole na kurudishwa nyumbani. Piga picha hiyo karatasi ikae kwenye simu, na nakala mpe mtu unayeishi naye.